Mtoto wa miezi saba naye ni mtazamaji

Jumamosi iliyopita kuna kitoto cha miezi saba kiliacha titi. Naanzia hapo kwa sababu wamama mnaosoma hapa mwajua uzito wake. Mtoto ana njaa, keshashika, maziwa yashateremka, halafu ghafla anaachia na kugeuza shingo kwa sababu kasikia kitu. Alichosikia ni mbuzi ya nazi. Mwenzangu alikuwa amekaa juu ya mbuzi hatua mbili kutoka kwake, anakuna pole pole, kwaru... kwaru... halafu anasita. Kitoto nacho kikatulia. Akakuna mara moja, kitoto kikapiga mguu. Akasita, mguu ukabaki hewani. Watu wazima waliokuwa kwenye mkeka wote wakanyamaza, na mimi niliyekuwa nyuma ya leso nikisubiri zamu yangu ya kuingia nikaamua kuendelea kusubiri, maana mchezo kwa wakati ule ulikuwa wa watu wawili na mimi sikuwa mmoja wao.

Hii ndiyo kazi yangu siku hizi. Naigizia watoto wachanga, kuanzia wa miezi mitatu mpaka wa miaka mitatu hivi, hapa hapa Mombasa. Na kila nikitaja kazi yenyewe swali ni lile lile, kwenye matatu, arusini, hata msibani: sasa mtoto wa pampasi ataelewa nini? Nimechoka kulijibu kwa sentensi moja moja, ndio maana leo nimekaa kitako niandike.

Mimi nimetokea kwenye setibuku. Kama hujui setibuku, ni yale makundi ya waigizaji yanayozunguka shule za sekondari kuigiza vitabu vya fasihi vya mtihani, unaamka saa kumi alfajiri Mombasa, saa tatu uko Voi, shoo mbili mfululizo, chakula ndani ya gari, usiku uko kwenu sauti imekauka. Nimeifanya miaka minane na naiheshimu sana. Imenifundisha kushika ukumbi wa wanafunzi mia sita bila maiki. Imenifundisha pia kuigiza kwa kutupa sauti na kutupa mkono, kila kitu kikubwa, na hicho ndicho kilichokuja kuniumiza baadaye, nitafika hapo.

Halafu nikazaa. Arubaini yangu nilikaa kwa mamangu Majengo, chumba cha nyuma chenye dirisha la kuelekea uani, na kwenye kamba ya uani zilikuwa zaanikwa leso. Mwanangu alikuwa akilia sana jioni, wale wanaolia bila sababu unayoweza kuipata. Siku moja mamangu akaanza kukuna nazi pale uani na mtoto akanyamaza papo hapo. Tukadhani bahati. Kesho yake vile vile. Nikaanza kumsogeza karibu na dirisha nimwangalie yeye mwenyewe, na nikaona kwamba yuwafuata leso zikipeperuka, macho yanakwenda nazo na kurudi nazo, upepo ukikatika yeye yuwangoja. Yuwangoja kweli, mwili mzima. Mimi nimesimama mbele ya watu miaka minane, nalijua jicho la mtu anayengoja kitu kifuatacho. Nililiona pale kwa mtoto wa wiki tano.

Basi usiku, mtoto kwenye titi, simu mkononi, nikaanza kutafuta kama kuna watu duniani wanaofanya hii kitu. Walahi nilikuwa nadhani ni wazo langu peke yangu. Kumbe Bologna, Italia, kuna kundi linaitwa La Baracca lililoanzishwa 1976, na tangu 1987 wanatengeneza michezo ya watoto wa chini ya miaka mitatu, wakifanya kazi na vituo vya kulelea watoto vya mji wao. Uingereza kuna Oily Cart, wao walianza 1981, na mpaka leo wanatengeneza michezo ya kugusa, kunusa na kusikia, ya wachanga na ya watoto wenye ulemavu mzito ambao ukumbi wa kawaida huwaacha nje. Scotland wana Starcatchers. Na nilifurahi zaidi nilipokuta Magnet Theatre ya Cape Town, kundi la Afrika, lenye michezo ya watoto wachanga kabisa. Jumuiya ya dunia ya michezo ya kuigiza ya watoto, ASSITEJ, iliundwa 1965, na mwaka 2017 kongamano lake kuu lilifanyika Cape Town, mara ya kwanza kuletwa bara letu. Nilikuwa nasoma haya saa nane usiku huku machozi yanitoka, labda ni uzazi pia, lakini ilinigusa kwamba kuna watu wazima wenye akili timamu wanafanya mazoezi wiki nyingi na kulipwa mshahara ili wamwigizie mtu ambaye hajaota jino.

Nilipata wenzangu watatu, wawili wa setibuku na mmoja mpiga kayamba wa Kilifi. Tukatengeneza mchezo wa kwanza. Ulikuwa mbaya.

Nitauelezea kwa sababu kila kosa lilinifundisha kitu. Tulikodi ukumbi, tukaweka viti, tukauza tiketi sitini. Tukazima taa kabisa ili tuanze kwa kishindo kama tulivyozoea. Giza lile tu, watoto kumi wakaanza kulia. Taa zikawaka kwa ghafla, maiki ikapiga yowe, wakaongezeka. Mimi nikaingia na sauti yangu ya Voi. Na lililokuwa baya kuliko yote, tuliigiza kama tulivyofunzwa, macho yanaangalia juu ya vichwa vya watu, uso wa mhusika, hatumwangalii mtoto hata mmoja. Dakika ya kumi na mbili nusu ya ukumbi ilikuwa nje barazani wakibembeleza. Kuna mama aliniambia kwa upole sana, da'angu, mwanangu hakuogopa kelele, aliogopa kwa sababu hukumuona.

Yule mama alisema kwa sentensi moja jambo ambalo nilikuja kulisoma baadaye. Kuna mtaalamu wa saikolojia ya watoto wa Marekani, Edward Tronick, ambaye miaka ya 1970 alifanya jaribio moja ambalo mpaka leo watu wanalisoma. Mama anakaa uso kwa uso na kichanga chake, wanacheka, wanaongea lugha yao. Kisha mama anaambiwa auache uso wake uwe mkavu, amwangalie mtoto bila kuitikia chochote. Mtoto anajaribu kutabasamu, ananyoosha mikono, anatoa sauti, anajaribu kila alichonacho ili amrudishe mama, na akikosa huanza kugeuza uso na kulia. Dakika mbili tatu tu hizo. Sasa fikiria sisi watu wazima wanne tumesimama mbele ya watoto arubaini na nyuso za namna hiyo hiyo. Nililala vibaya siku nyingi nikiliwaza hilo.

Tukaanza upya, na mara hii tulianza na mtoto badala ya hadithi. Yaani tulijiuliza yuwaona nini, yuwasikia nini, kipi kinamfurahisha, mchezo utoke hapo.

Kuona kwanza. Mtoto aliyezaliwa juzi anaona vizuri kitu kilicho kama sentimita 20 mpaka 30 kutoka usoni mwake, na ukipima utakuta ndio umbali wa kutoka titi mpaka uso wa mamake. Vya mbali ni ukungu. Na rangi anazozipata vizuri ni zile zinazopigana, nyeusi juu ya nyeupe, zile rangi laini za waridi na samawati tunazopaka vyumba vya watoto twajifurahisha sisi wenyewe. Nilipolijua hili nilisimama nikaenda moja kwa moja kwenye kabati la mamangu nikatoa kisutu. Kisutu! Leso ya arusi, nyekundu, nyeusi, nyeupe, madoa yamepangana. Mchezo wetu wote sasa umejengwa kwa visutu sita tulivyonunua barabara ya Biashara, na nimeona vichanga vya miezi mitatu vikitazama pindo la kisutu likipita mbele yao kama ambavyo mimi ningetazama jahazi zikiingia bandari ya kale.

Sauti nayo. Mtoto anaanza kusikia akiwa bado tumboni, ile miezi ya mwisho. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wa siku chache tu chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na rekodi, wakinyonya kwa mwendo fulani wanasikia sauti ya mama yao, kwa mwendo mwingine sauti ya mama wa mwenzao, na watoto wakabadilisha mwendo wao wa kunyonya ili wampate mama yao. Kwa hiyo sisi tukatupa maiki. Tunatumia mdomo, kayamba iliyopigwa kwa vidole si kwa mkono mzima, vifuu viwili vikigongana, kinu na mchi kwa mbali, na mbuzi. Mtoto wa Pwani kasikia mbuzi kabla hajazaliwa, mamake alikaa juu yake na tumbo kubwa akikuna nazi ya wali. Sidhani kuna ala nyingine yoyote ambayo ningeichagua mbele ya hiyo.

Halafu kuna kule kujificha. Hakuna nyumba isiyo na ule mchezo wa kujifunika leso usoni na kuifungua, mtoto akafa kwa kicheko, ukarudia mara ishirini. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliandika kwamba mtoto hukaribia miezi minane ndipo anaanza kutafuta kitu kilichofichwa, kabla ya hapo ukikifunika ni kama kimeondoka duniani. Sasa kwa mwigizaji hii ni hazina. Nikijifunika kisutu mbele ya wa miezi minne na wa miezi kumi, hao ni watazamaji wawili tofauti kabisa, mmoja anastaajabu nimetoka wapi, mwingine amekuwa akinisubiri muda wote na anajivunia kuwa alijua. Tunatakiwa tuwape wote wawili chao ndani ya tendo moja. Hii ndiyo ngumu, na hapa ndipo nasema mazoezi ya wiki sita si anasa. Wiki mbili za mwisho huwa tunafanya mbele ya watoto wa mtaa, watatu wanne, na tunabadilisha kila siku. Tunapima hata kusita. Ukisita kidogo mno mtoto hajapata nafasi ya kukujibu, ukisita sana keshaondoka kutafuta vidole vyake vya mguu.

Shoo sasa ni dakika 25, halafu kama dakika 20 za watoto kuingia kwenye mkeka wenyewe na kushika kila kitu. Hawazidi kumi na wawili. Taa haizimwi. Mlango uko wazi, mtu akitaka kutoka anatoka, akirudi anarudi, kunyonyesha ruhusa, kulala ruhusa, kulia pia ruhusa. Mtoto akitambaa mpaka katikati ya mchezo hatumwiti mamake, tunaigiza naye. Kila kitu kinachoshikika tumeshakubali kitaingia mdomoni, kwa hiyo vifuu tumevipiga msasa mpaka vikawa laini kama shavu, hakuna mbegu ya nje, hakuna shanga, visutu vinafuliwa kila baada ya shoo na sabuni isiyo na harufu. Nilitaka sana kutumia udi, maana harufu ya nyumbani kwetu ni udi, lakini moshi na vifua vya watoto havipatani, nikauacha. Tunapitisha kikuba cha asmini kwenye kisahani badala yake, mkononi mwa mwigizaji, mtoto ananusa kwa mbali.

Jambo moja hakuna aliyenifundisha kwenye simu. Shoo ya tatu alikuja nyanya mmoja wa Kibokoni na mjukuu wake, mtoto kapakwa wanja wa paji la uso, kafunikwa shela. Akakaa mlangoni hataki kusogea. Nikamwendea nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akaniambia, "Mwanangu, macho ni mengi hapa." Wakati ule tulikuwa tunawakalisha watu duara kamili, kwa hiyo kila mtu anatazama mtoto wa mwenziwe aliyemkabili, huku wanasema lo kitoto hiki kizuri, kinene, na simu zimeinuliwa zachukua video. Nyanya hakuwa na makosa. Kwanza tulibadilisha kikao, sasa ni nusu duara, kila mtoto anatuelekea sisi. Pili tukapiga marufuku simu. Tatu huwa naanza kwa kuwaomba wageni, ukimsifu mtoto wa mwenzako sema mashallah. Yule nyanya alirudi mara mbili, mara ya pili alikaa mbele, na shela aliitoa mwenyewe. Na lile la simu limetusaidia kuliko nilivyofikiri, wazazi wakiweka simu chini wanaanza kumtazama mtoto wao akitazama, na wengi wananiambia hawajawahi kukaa dakika 25 wakimwangalia bila kumlisha, kumbadilisha au kumlaza.

Wababa pia. Mwanzoni walikuwa wanabaki nje kwenye tuktuk. Sasa tunawapa kazi, baba akifika anapewa ncha ya kisutu ashike, kikipanda yeye ndiye anayekipandisha. Hawatoki tena.

Pesa ni ngumu, sitaficha. Tiketi ni shilingi 400, na tunaandika jina la mtoto juu yake, si la mzazi, kwa sababu mtazamaji ni yeye. Kumi na wawili mara 400 ni 4,800, toa ukumbi, toa nauli, gawanya kwa watu wanne. Kila siku napigiwa simu niende birthday niwe klauni kando ya yale mapulizo ya kurukia, na kwa saa mbili nitapata zaidi ya shoo nne. Sidharau, ni riziki ya watu. Lakini nikikubali kila Jumamosi, mazoezi yanakufa. Kuna meneja mmoja wa ukumbi, simtaji, alikataa kutukodisha kabisa akasema ukumbi ni wa hadhira na watoto wachanga si hadhira. Kuna ofisi nyingine nilipeleka barua ya kuomba ufadhili, wakaniuliza mtoto atajifunza nini, rangi, namba, kunawa mikono? Nikawaambia wakija wao kwenye taarab huwa nani anawauliza watajifunza nini. Hawakunipa kitu, lakini bado nasimama hapo hapo. Mkataba wa haki za mtoto wa Umoja wa Mataifa, ule wa 1989 ambao Kenya iliuridhia 1990, kifungu cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kucheza na kushiriki katika utamaduni na sanaa. Hakikusema akishaanza kusoma.

Sisi Kenya twapenda sana watoto stejini. Tamasha za drama za shule, vitoto vya chekechea vimevaa maleba, vyakariri shairi mbele ya majaji, nami nimepita huko na nimelia kwa furaha nikivitazama. Lakini pale ni mtoto anayemwigizia mkubwa. Mkubwa anamwigizia mtoto lini? Na Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti, kwa hiyo sihitaji kwenda Nairobi kugonga mlango, mlango uko hapa hapa kisiwani. Nataka siku moja kila chekechea ya kaunti, ya Likoni, ya Kisauni, ya Changamwe, iwe inaletewa shoo angalau mara moja kwa muhula, na waigizaji walipwe kama anavyolipwa fundi yeyote. Mwaka huu tumekwenda kwenye nne bila malipo, kwa nauli yetu, na kwenye moja walimu walituomba turudie pale pale kwa sababu watoto hawakutaka kuinuka mkekani.

Sasa tumeanza mchezo mpya, wa tanga na upepo wa kusi. Nimenunua marekani, mikono saba, kitambaa kile kizito kisichopaushwa. Shida yangu ni upepo. Feni inatisha na inaunguruma, kwa hiyo twajaribu kuutengeneza kwa vipepeo vya ukindu na kwa pumzi zetu. Jumatano tulikuwa na mtoto wa jirani wa miezi kumi na moja mazoezini. Tuliliachia tanga likashuka haraka mno, akashtuka, akamkimbilia mamake. Tukalilaza chini tu, hatukufanya kitu. Baada ya muda akatambaa akarudi, akashika pindo, akalivuta mpaka likamfunika mzima mzima. Akakaa mle ndani. Twamsikia akiongea mwenyewe, ba, ba, ba, na kitambaa kinapanda na kushuka kwa pumzi yake. Mamake akataka kumfunua, nikamwomba amwache. Mpiga kayamba akaweka kayamba chini, na sisi sote tukakaa kumsubiri.